Kidaraja cha Kadi Mbili

Migori, 2 Machi 2009

Dada Dorka,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kitanda cha shangazi yetu, waya Amondi. Yeye yuko nje anachambua dagaa wa omena na kunisemesha kupitia dirishani. Mzigo wako nimeuleta mwenyewe kutoka Nairobi kwa sababu makondakta siwaamini, na hapa ndipo nimeufunga upya.

Sasa sikiliza vizuri. Kadi zako mbili za grafiksi nimeziacha ndani ya maboksi yake, maana zina feni na zikigongwa zimekufa. Ile mazabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake, nimeitoa kwenye boksi nikaizungushia kanga za waya Amondi. Boksi lake ni kubwa na lina rangi kama la zawadi ya arusi, watu wa forodha wangeliona kabla hata basi halijasimama. Nimeliacha hapa. Kidaraja cha kuunganisha kadi mbili kimo kwenye maboksi ya kadi, pamoja na CD na skrubu. Nimekiona. Kitunze sana, maana bila hicho kadi mbili ni sawa na kadi moja.

Aki, huo ukumbi wako wa gemu utajaa. Vijana wa machimbo wakiona magari yanavyokimbia kwenye hiyo skrini watasahau njia ya kurudi Nyakunguru.

Jambo moja, na usinikasirikie. Umesema Ngeleja ndiye atakayechukua mzigo Sirari. Mwambie asiufungue njiani. Najua ni mume wako na mna mtoto, lakini miaka yote hii mtu wa kwao hata mmoja hajaja kutusalimia. Alitoka Geita na begi mgongoni, akachimba, akaoa. Sisi tunajua nini kumhusu?

Mdogo wako,
Beryl


Bomani, Tarime, 9 Machi 2009

Mdogo wangu Beryl,

Kadi zimefika, mazabodi imefika, kanga za waya zimefika. Kidaraja hakipo.

Fundi Nikodemo, anayenifungia mashine, alimwaga kila kitu juu ya mkeka na kukung'uta hata maboksi. Akasema, "Mama Scola, hapa una ng'ombe wawili wazuri ila huna nira. Mmoja atalima, mwingine atakula majani." Tukawasha hivyo hivyo. Gari linaondoka vizuri, likifika kwenye kona linaganda, kama tu kwenye ule ukumbi wa karibu na stendi ambao wateja wanaukimbia. Na mimi nimeshatangaza kwamba kwangu hakuna kuganda. Nikodemo akanionyesha picha iliyo juu ya boksi, kadi mbili zimeshikana. "Kama kipo kwenye picha, kilikuwemo," akasema.

Mzigo Ngeleja aliuchukua Sirari Jumanne asubuhi. Unajua mwenyewe kwamba Sirari na hapa si mbali. Nyumbani amefika Jumatano, na utepe wa boksi moja umekatwa kwa kisu.

"Walinifungulisha pale mpakani," akasema.

"Na ulilala wapi?"

"Nyakunguru. Jiwe limemwangukia mwenzetu mguuni, tulikuwa tunamtafutia usafiri."

"Wakati mnamtafutia usafiri, mzigo wangu ulikuwa wapi?"

"Niliuacha kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Mama Scola. Si umefika?"

Beryl, huyu mtu alipoacha kuchimba aliniapia kwamba hatakanyaga tena Nyakunguru.

Sikupigii simu kwa sababu ukumbi ni chumba kimoja na yeye yumo humo muda wote. Jibu lako lipitishe kwa Nikodemo.

Dada yako,
Dorka


Nairobi, 17 Machi 2009

Dada Dorka,

Kwa hiyo mwizi ni mimi?

Hukuandika hivyo, lakini mimi najua kusoma. Nimesafiri na mzigo wako mapajani, nikaufunga kwa mikono yangu, na asante yake ni "hakipo". Nakwambia kilikuwepo.

Nimemwomba bosi wangu hapa dukani aniuzie kingine akacheka. Kidaraja hakiuzwi peke yake. Kinakuja bure ndani ya boksi, ukikipoteza ndiyo basi. Nimekaa kwenye kaunta nikajiuliza, ni nani ataiba kitu cha bure, kifupi kama kidole, kisichofaa popote ila kwenye mashine moja ya Tarime?

Halafu nikakumbuka. Hapa mtaani wanapita watu na magunia wakitafuta bodi zilizokufa. Wanazichemsha kwa tindikali, kwa sababu vile vimeno vya kuchomekea vimepakwa dhahabu. Kidaraja nacho kina vimeno hivyo ndani ya midomo yake. Dhahabu yenyewe haijazi hata jicho la sindano, lakini mtu aliyezoea kusaga mawe akitafuta punje, unafikiri anaiona kama tunavyoiona sisi?

Usigombane naye na usilie. Mwangalie tu anakwenda wapi, na akirudi muulize alikuwa wapi.

Beryl


Bomani, 25 Machi 2009

Beryl,

Nimemwangalia, na sasa afadhali nisingemwangalia.

Jana alikuja Waisiko, yule mama wa Kikurya anayepika chakula cha wachimbaji kule Nyakunguru. Aliingia kunisalimia akitoka sokoni. Akaniuliza, "Mama Scola, mume wako amerudi kuchimba?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi nimemfananisha." Nikamshika mkono, nikamwambia, Waisiko, sema.

Kuna mzee kule anayenunua redio na kompyuta mbovu na kuzichemsha kwa tindikali. Moshi wake umewahamisha majirani. Waisiko alimwona Ngeleja kwenye kibanda chake asubuhi ile ile, amepiga magoti mbele ya gunia la bodi, anachambua kimoja kimoja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Jioni nikamsubiri mpaka tumekaa kula.

"Leo ulishinda wapi, Baba Scola?"

"Musoma. Nilikwenda kuangalia spika za ukumbi."

"Umeziona?"

"Nimeziona, lakini sauti yake mbaya."

Alisema hivyo huku anammegea mtoto ugali. Hakusita, Beryl, wala hakukohoa. Nimeishi naye tangu Scola hajazaliwa na sikujua kwamba anaweza kudanganya hivyo. Sasa najiuliza ni mara ngapi amewahi kunimegea ugali namna hiyo.

Kesho nakwenda kwa baba mdogo Oyoo. Ndiye aliyempokea Ngeleja alipokuja kunioa, baba yetu akiwa amefariki, na ndiye mwenye haki ya kumuuliza.

Dorka


Nyakunguru, 13 Aprili 2009
Jumatatu ya Pasaka

Shemeji Beryl,

Hatujawahi kuandikiana, na huenda hutafurahi kuona mwandiko wangu. Anwani yako nimepewa na fundi Nikodemo, naye usimlaumu.

Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya Matawi niliitwa nyumbani kwa mzee Oyoo. Nilifikiri ni mipango ya sikukuu, nikapitia buchani nikanunua nyama nisiende mikono mitupu. Nikakuta wazee wamekaa sebuleni na mke wangu amekaa upande wao. Niliamkia shikamoo, wakaitikia wachache. Mzee Oyoo akasema, "Mtu wa Geita hunusa dhahabu hata kwenye jino la mtu aliyelala. Kidaraja cha mtoto wetu umekipeleka wapi?"

Nilimwangalia Dorka, naye akaangalia sakafu. Nyama niliiacha mezani nikaondoka.

Sasa nakueleza wewe nilichoshindwa kueleza pale. Ni kweli nilikwenda kwa mzee wa tindikali, na ni kweli nilidanganya kwamba nilikuwa Musoma. Dorka alikuwa hali vizuri wala halali kwa sababu ya kidaraja. Nikodemo alinidokeza kwamba kompyuta za zamani za huku zote huishia kwa yule mzee, nikaona labda gunia lake litakuwa na kimoja kizima. Nilitaka niingie nyumbani nikiwa nacho mkononi. Sikukipata, na maneno matupu sikutaka kuyapeleka.

Na siku ile ya mzigo, mtu niliyemwachia alikuwa Waisiko. Niliuweka chini ya meza yake ya chakula. Sikumtaja kwa sababu namjua mke wangu, angepanda gari kwenda kumhoji mbele ya wateja wake, na yule mama hana kosa lolote.

Nimerudi shimoni. Mvua zimeanza na kuta zinatoa jasho. Sikuandikii ili unihurumie. Nina swali moja. Siku ile kule Migori, kidaraja ulikishika? Sikuulizi kama ulijua kimo. Nauliza kama ulikishika kwa mkono.

Batholomeo Ngeleja


Nairobi, 28 Aprili 2009

Dada yangu Dorka,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi kuna kidaraja. Usimpe Nikodemo kabla hujamaliza kusoma.

Ngeleja aliniandikia. Aliniuliza kama nilikishika. Barua yake niliisoma dukani, nikaisukuma chini ya kaunta, nikaitoa, nikaisukuma tena. Sikukishika, dada. Niliona picha juu ya boksi la kadi, nikakuandikia kwamba nimekiona.

Nikamwomba bosi tufungue boksi jipya la kadi kama zako. Lilikuwa na CD, skrubu na kitabu cha maelekezo, basi. Tukafungua boksi la mazabodi kama yako. Chini ya nyaya, kwenye kimfuko cha nailoni, hicho hapo kidaraja! Bosi akaniambia kwamba kwa kadi za aina hii ndivyo ilivyo siku zote. Anayekitoa ni mtengenezaji wa ubao, kwa kuwa ubao ndio wenye nafasi mbili za kuchomeka kadi. Picha iliyo kwenye kadi inasema tu kwamba kadi hii inaweza kuunganishwa na nyingine. Mimi nauza vitu hivi kila siku na sikuwa nikilijua hilo. Nikodemo naye hakulijua.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Migori. Waya alikuwa amempa kuku wake boksi lako aatamie humo. Tulimwinua, akanidonoa mpaka damu. Chini ya mayai kulikuwa na majani, chini ya majani kulikuwa na kadibodi, na chini ya kadibodi ndipo kilipokuwa, kisafi kabisa, hakijaguswa na mtu.

Sasa fikiria. Kidaraja hakijawahi kuvuka mpaka. Ngeleja hakuwahi hata kulala nacho nyumba moja.

Mimi ndiye niliyekutia maneno ya Geita na tindikali. Nimeanza kumwandikia nikachana, nikaanza tena nikachana. Mwandikie wewe kwanza.

Beryl


Bomani, 5 Mei 2009

Baba Scola,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana tumesikia kwamba mvua imeangusha shimo moja upande huo. Nilikaa barabarani mpaka nikampata mtu wa kuniambia si lenu.

Kidaraja kimepatikana. Kilikuwa Migori kwa waya, kwenye boksi la mazabodi. Beryl alikosea. Nikodemo ameshakifunga na kadi zote mbili zinafanya kazi. Gari linapita kwenye kona kama limepakwa mafuta. Jumapili vijana walijaa mpaka wengine wakachungulia dirishani. Mambo yamekwisha.

Scola anakuulizia. Nimemwambia uko kazini.

Rudi nyumbani.

Mama Scola


Nyakunguru, 9 Mei 2009

Mama Scola,

Barua yako imeletwa na Waisiko. Amenipa huku ameangalia pembeni. Nimemwambia akae, nikamnunulia soda. Yeye alisema alichokiona, hana kosa.

Umeandika "kimepatikana", kama mbuzi aliyejirudia mwenyewe zizini. Umeandika "Beryl alikosea". Nimeisoma barua yako mbele na nyuma nikitafuta mahali ulipoandika kwamba sikuiba. Sikupaona.

Mambo hayajaisha. Siku ile mliniuliza mbele ya wazee, sebuleni kwa baba yako mdogo, na habari ikatoka humo ikanitangulia mpaka huku. Hapa shimoni vijana wakipoteza tochi wananitania, "Muulizeni fundi kompyuta." Wanacheka na mimi nacheka. Unafikiri nacheka?

Mlinichafua kikaoni. Nisafisheni kikaoni, kwenye viti vile vile. Siyo kwa barua. Hapo nitarudi. La sivyo Scola nitakuwa nakuja kumwona stendi, nikimaliza naondoka.

Niko mzima. Aliyefunikwa na shimo lile ni kijana wa Shinyanga, tumemzika Alhamisi.

Batholomeo


Bomani, 1 Juni 2009

Mdogo wangu Beryl,

Najua umekaa ukisubiri. Nilikuwa sina la kukuandikia mpaka jambo liishe, na sasa sijui kama limeisha au la. Nitakueleza lote.

Nilikwenda kwa baba mdogo Oyoo, nikapiga magoti, nikamwambia, "Baba, nakuomba uite kikao."

"Kikao cha nini? Kitu si kimepatikana?"

"Ndiyo sababu, baba. Hakikuibwa."

"Sasa nikae mbele ya mkwe nimwambie nimekosa? Leo nitamwambia nimekosa, kesho atataka nimpishe kiti." Akachukua redio yake akaongeza sauti. Nikajua nimefukuzwa.

Nikaenda jikoni kwa mama mdogo, mke wake. Nikamwambia, mimi nitapika hapa kwako Jumapili, nikaribishe wale wale, nawe usiniulize. Hakuniuliza. Tulipika samaki na kuku, na wazee walikuja wote, maana chakula hakisusiwi. Baba mdogo naye alikaa kwenye kiti chake, amekunja uso.

Nilikuwa nimemtumia Ngeleja maneno kwa Waisiko. Alikuja amevaa viatu vya shimoni, vina udongo mwekundu. Alisimama mlangoni, hakukaa.

Beryl, nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilipoinuka yote yalitoka kichwani. Nikasema tu, "Mume wangu hakuiba. Mimi ndiye niliyemleta hapa kwa maneno ya kudhani, na alipoulizwa niliangalia chini. Kidaraja kilikuwa Migori chini ya kuku." Mzee mmoja akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Nikaendelea, "Mtu yeyote mliyempelekea habari ile, mpelekeeni na hii."

Wote wakamwangalia baba mdogo. Akasafisha koo. "Basi," akasema, "kidaraja hakikuibwa. Tule."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Nilitaka kulia kwa hasira. Lakini Ngeleja alivua viatu pale mlangoni, akaenda kunawa mikono, akaketi kati ya wale wazee, akala.

Tulirudi nyumbani pamoja. Scola alilala juu ya kifua chake. Nilidhani sasa tumepona.

Asubuhi yake alikuja ukumbini. Kabla hajavuka mlango alisimama mbele ya meza yangu, akatoa kila kilichokuwa mfukoni. Funguo, leso, simu, kipande cha sabuni. Akavuta na mifuko ya suruali nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Wateja wakaangalia. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba Scola, unafanya nini?"

"Nafungua hesabu ya siku," akasema. Hakukasirika. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniua.

Jioni akitoka, hivyo hivyo. Siku iliyofuata, hivyo hivyo. Nikamsihi. "Nataka ulale vizuri," ananijibu. Wale vijana wakaanza kufikiri ni sheria ya ukumbi. Mmoja akaanza kutoa na yeye vitu vyake mezani, nikamfukuza.

Nilifikiria kumwita tena baba mdogo. Nilifikiria kukuita wewe. Nikaona nitakuwa nimerudia kosa lile lile la kuwapa watu wengine kinywa changu.

Ijumaa nilimtangulia. Alipofika mlangoni nikainuka, nikachukua pochi yangu nikaimwaga yote juu ya meza, mbele yake na mbele ya wateja. Kitana, kibiriti, picha ya marehemu baba, vidonge vya kichwa. Na barua zako, Beryl, zote, ile ya kwanza ikiwa juu. Yeye hakuwahi kuzisoma. Nikamwambia, "Soma. Hiki ndicho nilichokuwa nacho mimi mfukoni."

Aliketi akazisoma pale pale huku magari yakivuma kwenye skrini. Alipofika mahali ulipouliza sisi tunajua nini kumhusu, aliurudia mstari huo mara ya pili. Kisha akazikunja akanirudishia. "Huyu shemeji anaandika vizuri," akasema. "Mwambie mama yangu anaitwa Specioza. Yuko Geita, miguu inamsumbua, ndiyo maana haji. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mimi mwenyewe nilijua miguu inamsumbua, lakini sikuwahi kusema twende sisi. Tutakwenda Agosti, na Scola. Ukipata ruhusa kazini uje nasi.

Leo asubuhi alikuja kazini amechelewa kidogo. Alipita mbele ya meza yangu bila kusimama, akanisalimia, akaenda kumsaidia Nikodemo kuwasha jenereta. Mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna. Kulikuwa na kitu kizito humo, kilikuwa kinamvuta shati upande mmoja.

Sikuuliza ni nini.

Dada yako,
Dorka